Kukariri si adui wa ubunifu: Mto Tana unatufunza nini?

KUNA kauli ambayo imegeuka kibwagizo katika mijadala yetu ya elimu: eti kukariri ndiko kulikoua ubunifu wa mwanafunzi wa Kenya. Utaisikia kwenye warsha za walimu, utaisikia redioni asubuhi, na utaisikia hata kwa mzazi aliyekuja shuleni kuulizia karo tu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, unalaumiwa kwa kuzalisha vijana wa 'kumeza na kutapika'. Nao Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, ulipokelewa kwa vifijo kwa kuwa, tuliambiwa, ungemfunza mtoto kufikiri badala ya kukariri. Ubunifu umo katika orodha ya umilisi saba wa kimsingi unaokusudiwa kumjenga mwanafunzi.

Katika makala haya sina ugomvi na mtaala. Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu: 'badala ya'. Yanatufanya tuamini kwamba kichwa cha mtu ni chumba chenye nafasi moja, kwamba akiingia kukariri, ubunifu sharti utoke. Ninavyoona mimi, mambo ni kinyume. Hakuna anayebuni kutoka utupu. Kosa letu si kuwakaririsha watoto, bali kuwakaririsha vitu visivyofaa na kuwaacha papo hapo. Ushahidi wa madai haya haupo mbali. Upo kando ya Mto Tana, kuanzia Nanighi hadi kwenye delta, kule Garsen na Kipini.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa kutoa. Neno 'kukariri' lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni kurudia: kusema jambo tena na tena. 'Kuhifadhi' ni neno jingine. Hilo lina maana ya kutunza na kulinda kitu kisipotee. Wazee wa pwani walikuwa pia na msemo 'kusoma kwa ghibu', yaani kusoma bila kutazama maandishi, kwa kuwa maneno yamekwisha kuingia moyoni. Hizi ni hatua tatu tofauti. Mtu anaweza kukariri asihifadhi. Mwulize mwanafunzi yeyote wiki mbili baada ya mtihani. Na mtu anaweza kuhifadhi hadi kile alichohifadhi kikawa mali yake, akakitumia bila kujua kwamba anakitumia.

Sasa hebu tuliangalie neno 'kutunga'. Tunatunga shairi, tunatunga hadithi, tunatunga sheria. Lakini kabla ya hayo yote tunatunga ushanga kwenye uzi na tunatunga samaki kwenye kamba, tukapata utungo wa samaki. Mtungaji wa ushanga haumbi shanga. Shanga anazo tayari mkobani; kazi yake ni kuchagua ipi ianze, ipi ifuate, na rangi gani ikae karibu na gani. Asiye na shanga hata moja, hata umpe uzi mzuri namna gani, hatatunga kitu. Waliolipa neno hili kazi ya kutaja sanaa walijua wanachokisema.

Mfano mkubwa wa utungaji wa aina hiyo kila Mkenya ameuimba. Jumatatu na Ijumaa, bendera inapopandishwa, watoto wa shule husimama wima paredini na kuimba wimbo wa taifa. Wachache wanafahamu kwamba mahadhi ya wimbo huo yalitoka Mto Tana, katika wimbo bembelezi wa Wapokomo. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, kazi ya kuutunga ilipewa jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wangeweza kubuni mahadhi mapya kabisa. Badala yake, walichukua sauti ambayo akina mama wa Kipokomo walikuwa wakiwabembelezea watoto, wakaipangia sauti za kwaya, wakaitungia maneno mapya yaliyojengwa kama dua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Mhakiki anapaswa kuuliza: ubunifu uko wapi hapo? Si wamenakili tu? La. Wimbo wa mama kazi yake ni kumlaza mtoto. Wimbo wa taifa kazi yake ni kumsimamisha mtu mzima. Mahadhi ni yale yale, lakini yamefanywa kufanya kazi iliyo kinyume na ile ya kwanza, na yanaifanya bila kulazimishwa. Kuliona hilo linawezekana kunahitaji jicho la msanii. Lakini tusisahau kilichotangulia. Kwanza, ilibidi wimbo wenyewe uwe hai mwaka huo wa 1963, na uhai wake ulikuwa vichwani mwa watu walioupokea kutoka kwa mama zao. Pili, wanajopo hao wenyewe walikuja na akiba yao: kanuni za kupanga sauti, nyimbo za kanisani, lugha ya dua. Walizijua hizo kwa ghibu. Wimbo wetu wa taifa ni mahali ambapo kumbukumbu mbili zilikutana, ya mgongoni mwa mama na ya kwaya. Ondoa moja kati ya hizo na hakuna wimbo.

Ukiteremka na mto hadi kwenye delta, unakuta jina kubwa zaidi katika ushairi wa Kiswahili, Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yanamhusisha na Shaka na Ozi. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo amefungwa gerezani na anahitaji tupa ya kukatia pingu. Hana karatasi, na hata angekuwa nayo walinzi wangeisoma. Anachofanya ni kumpa kijakazi Saada ujumbe wa kishairi aupeleke kwa mama yake: aoke mkate mzuri, na mwingine wa pumba, tupa aifiche ndani ya ule wa pumba. Walinzi wakala mzuri, mfungwa akaachiwa makombo yake, na tupa ikafika.

Wahakiki wengi hulisifu tukio hili kwa werevu wa Liyongo. Mimi namtazama Saada. Mpango mzima ulikaa kichwani mwake. Angekosea neno moja, angebadilisha mkate huu na ule, shujaa angebaki gerezani. Ushairi ulikuwa chombo cha kubebea habari isimwagike: mizani na vina vilimwonyesha msemaji pale alipokosea, kwa sababu mstari uliokosewa unachechemea. Uzuri wa shairi na uwezo wa kulikumbuka vilikuwa kitu kimoja.

Sasa tupande mto tena, tupite Hola na Bura, hadi Nanighi, kabla ya kufika mji wa Garissa. Hapa lugha hubadilika. Kandokando ya mto kuna Wailwana, ambao pia huitwa Wamalakote, wakulima wa ukingoni wenye lugha yao ndogo ya Kibantu iliyoazima mengi kutoka kwa majirani wafugaji. Profesa Derek Nurse aliichunguza lugha hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. Ukiacha ukingo wa mto, unaingia kwa Wasomali na Waorma.

Katika duksi za Wasomali, mtoto huandika aya kwenye ubao wa mti, loho, kwa wino wa makaa. Akiisha kuihifadhi, ubao huoshwa, aya nyingine ikaandikwa. Tazama mantiki yake: maandishi ni ngazi ya kupandia, na ukishafika juu huihitaji tena. Ni kweli kwamba Kurani haihifadhiwi ili ibadilishwe; kinyume chake, inahifadhiwa isibadilike hata herufi. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, ubunifu unaingilia wapi? Jibu limo katika ushairi wa Wasomali wenyewe.

Lugha ya Kisomali ilipata hati rasmi ya maandishi nchini Somalia mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi marefu, yakiwemo ya Sayyid Mohammed Abdulle Hassan aliyepigana na Waingereza, yalisafiri vichwani mwa watu, kisima hadi kisima. Malenga wa Kisomali hutunga kwanza, kimya kimya, kabla ya kughani. Kisha mhifadhi hulichukua shairi jinsi lilivyo na hulitaja jina la mtunzi kila anapolighani. Haruhusiwi kujifanya ni lake. Hiyo ni haki ya mtunzi iliyolindwa bila afisa hata mmoja wa hakimiliki. Sheria ya utunzi nayo ni ngumu. Ukianza shairi kwa sauti fulani, tuseme /d/, basi kila mstari hadi mwisho sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo. Shairi la mistari mia moja linamdai mtunzi maneno kwa makumi, na hayo hatayapata kwenye kamusi akiwa malishoni na ngamia. Anayo kichwani au hana. Ndiyo maana ninasema kwamba katika jamii hiyo, mwenye hazina kubwa ya maneno na mashairi ya wengine ndiye mwenye uhuru mkubwa wa kutunga lake.

Hapa wasomaji waliosoma fasihi simulizi watanikumbusha kazi ya Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord. Katika kitabu chake cha 1960, The Singer of Tales, Lord alionyesha kwamba waimbaji wa tenzi za kishujaa wa Yugoslavia hawakuwa wakikariri maneno neno kwa neno. Walikuwa wakitunga papo hapo, kwa kutumia mafungu ya maneno yaliyozoeleka. Wako waliorukia hitimisho kwamba sanaa simulizi popote duniani haitegemei kukariri. Ruth Finnegan alipinga jumla hiyo, na ushairi wa Wasomali ni mojawapo ya mifano aliyoitumia. Lakini hata tukimfuata Lord, je, mwimbaji wake aliyapata wapi hayo mafungu ya maneno? Aliyasikiliza kwa miaka mingi akiwa kijana, yakaingia. Tofauti kati ya mwimbaji wa Lord na malenga wa Kisomali ni tofauti ya kitu kilichohifadhiwa: mmoja amehifadhi vipande na kanuni za kuviunga, mwingine amehifadhi kazi nzima. Asiyehifadhi chochote hayumo katika mjadala.

Si waghani peke yao. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha utafiti kuhusu wachezaji wa sataranji. Bingwa akionyeshwa kwa sekunde chache ubao wenye mchezo halisi, aliweza kukumbuka mahali pa kete nyingi kuliko mchezaji wa kawaida. Lakini kete zilipopangwa ovyo, ubingwa wake ulikaribia kuyeyuka. Maana yake ni kwamba hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa amehifadhi mipangilio mingi mno yenye maana, na hiyo ndiyo iliyomwezesha kuuona mchezo anapoutazama. Akili inayolazimika kutafuta kila kitu upya haibakiwi na nguvu ya kubuni.

Pengine ushahidi ulio mzito zaidi ni wa mfungwa mwingine, wa karne yetu iliyopita. Abdilatif Abdalla alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya Twendapi? Gerezani hakuwa na maktaba, wala hakuruhusiwa kuandika. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, kilichotoka 1973, aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu hicho kina malumbano, kina mafumbo, kina bahari mbalimbali zilizopimwa barabara, kwa Kimvita kinachokumbusha Mombasa ya Muyaka. Vyote hivyo viliingia naye gerezani bila kupekuliwa, maana alikulia katika ukoo wa washairi na alikuwa navyo kichwani. Askari wanaweza kumnyang'anya mtu kalamu. Hawawezi kumnyang'anya anachokijua kwa ghibu.

Na huyo Muyaka mwenyewe, aliyefariki 1840, tungemsoma vipi leo? Mengi ya mashairi yake yalipona kwa kuwa watu wa Mombasa waliendelea kuyahifadhi kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua na mmishenari W. E. Taylor walipoyakusanya na kuyaandika. William Hichens akayachapisha 1940. Kama Wamvita wa wakati huo wangeamini kwamba kukariri ni kazi ya wajinga, tusingekuwa na Muyaka wa kutahini.

Basi, wanaolalamikia kukariri wamekosea kabisa? Hapana, na haki yao niwape. Paulo Freire, katika kitabu chake maarufu kuhusu elimu ya wanaokandamizwa, alikemea ualimu unaomfanya mwanafunzi kuwa kama akaunti ya benki, mwalimu akiweka amana na mwanafunzi akipokea kimya. Ukosoaji huo unatuhusu. Yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la insha anaujua ugonjwa wenyewe. Insha ya kwanza: jua limechomoza na kutapakaza miale yake ya dhahabu. Ya pili: jua limechomoza na kutapakaza miale. Ya kumi: jua lile lile. Msimulizi hujikaza kisabuni, hutoka shoti kama mshale, na machozi humtiririka njia mbili mbili, iwe amefiwa au amepoteza kalamu. Mtoto aliyezaliwa Nanighi anaandika kwamba miale ya asubuhi ilimpapasa kwa upole. Jua la Nanighi, mpenzi msomaji, halipapasi mtu. Linachoma. Mtoto huyo analijua jua hilo kuliko mwandishi wa kitabu cha marudio, lakini amefunzwa kuamini kwamba analolijua yeye halistahili kuandikwa.

Lakini angalia ugonjwa uko wapi hasa. Mtoto huyu hajakariri kupita kiasi. Amekariri vipambo bila kuhifadhi kazi nzima hata moja. Ana shanga tatu, ndizo hizo kila siku, na hakuna aliyemwonyesha mkufu uliokamilika.

Kwenye ushairi hali ni mbaya zaidi, na hili ndilo ningependa walimu wenzangu walitafakari. Mwanafunzi wa kidato cha nne atakutajia inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi bila kupumua. Atakwambia tarbia ni shairi la mishororo minne katika kila ubeti. Mwombe akughanie tarbia moja, atakukodolea macho. Tumeacha kuwakaririsha mashairi, tukaanza kuwakaririsha fasili za mashairi! Halafu tunashangaa kwa nini hawatungi. Mizani ya nane kwa nane haiingii mtu kwa fasili. Inaingia kwa sikio, baada ya kughani beti nyingi hadi mshororo wenye silabi ya ziada ukukere kama kokoto katika wali. Tumeondoa kukariri kunakozaa tukabakisha kukariri tasa, kisha tukaihukumu kumbukumbu yote kwa makosa ya hiyo tasa.

Kuna wanaosema kwamba zama zimebadilika, kila kitu kimo kwenye simu, kwa nini mtoto ajisumbue? Wanaosema hivyo mara nyingi hukaa mahali ambapo mtandao haukatiki. Lakini tuseme kila mtoto wa Nanighi, Bura na Garsen ana simu yenye chaji na bando. Simu itamjibu alichouliza. Haitamjibu asichojua kukiuliza. Wazo jipya huzaliwa pale mambo mawili yaliyo mbalimbali yanapogusana ghafla, na kugusana huko hutokea ndani ya kichwa kimoja, mtu akiwa anatembea, anateka maji au anachunga. Wimbo wa mama haungegusana na dua ya taifa kama kila mmoja ungekaa kwenye kabati lake ukisubiri kutafutwa.

Tufanyeje basi? Dawa haihitaji bajeti ya wizara. Mwanafunzi ahifadhi shairi zima kila baada ya wiki mbili, aghani mbele ya wenzake, na wiki inayofuata atunge lake kwa mizani ile ile lakini juu ya jambo analolijua yeye: mafuriko ya Tana, mbuzi aliyepotea, kivuko, jua lile linalochoma. Kisha avunje kanuni moja aeleze kwa nini ameivunja. Mtihani nao umdai beti, usimdai fasili tu. Na kabla ya kufunga muhula, kila mtoto alete darasani wimbo mmoja wa nyanyake, uwe wa Kipokomo, Kiilwana, Kiorma au Kisomali, auimbe wote bila kusoma mahali.

Hili la mwisho ndilo la haraka. Mashairi ya Muyaka yaliwapata Mwalimu Sikujua na Taylor. Wimbo wa Wapokomo ulilipata jopo la 1963. Nyimbo za Wailwana, ambao lugha yao inasemwa na watu wachache, bado zinasubiri kupatwa, na waliozihifadhi ni wazee. Kila tunapomwambia mtoto kwamba kujua kitu kwa moyo ni ushamba, tunamwambia asikae karibu na wazee hao. Akiba haiozi, walisema wahenga. Ni kweli haiozi, ila huzikwa na mwenyewe kama hakuna aliyeipokea.